Paul Robeson, mwigizaji aliyejifunza Kiswahili London

Nilikuwa Ruiru kwa dada yangu siku za karibuni. Mwanawe, mpwa wangu, ni mwigizaji. Yumo katika kikundi kinachozunguka shule za sekondari za Thika na Ruiru kuwachezea wanafunzi vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa. Kazi ya jasho hiyo, na malipo yake hufika yakiwa yamechoka. Sasa kampuni moja ya vipindi vya televisheni imemwita. Wanamtaka acheze mganga wa Kipwani, na kanzu yake, kofia yake, chetezo cha ubani na majini saba. Lafudhi ya Mvita aivute mpaka watu wacheke. Pesa ni nzuri, na kodi ya nyumba imeshafika.

Akaniuliza, mjomba, niende? Tulikuwa ndani ya matatu tukielekea Thika, na kondakta anaita steji ya Kenyatta Road, pale watu wanaposhukia kwenda Gatundu. Jina la steji ndilo lililonikumbusha kisa cha mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kenya, lakini aliwahi kusimama mbele ya kamera moja na mzee wa Gatundu.

Mtu huyo ni Paul Robeson. Alizaliwa Aprili 9, 1898, katika mji wa Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka akiwa na miaka 15, akasoma mpaka akawa mchungaji wa kanisa. Kanisa la Princeton lilipomwondoa, mzee huyo alichukua farasi na mkokoteni akawa anazoa majivu ya majumbani. Mama yake Paul aliungua mwaka 1904, kaa la moto liliposhika nguo zake nyumbani, akafa. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka sita. Akabaki na babake, na babake alikuwa na jambo moja asilolilegezea kamba, nalo ni matamshi. Neno lisemwe likamilike. Wanaosema sauti ya Robeson ilikuwa kipaji tu cha kuzaliwa humsahau mzee huyu wa mkokoteni.

Mwaka 1915 akapata ufadhili wa kusoma Chuo cha Rutgers, mweusi peke yake pale kwa wakati ule. Alipojaribu kuingia timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukabana na kuangushana, wenzake walimvunja pua na kumkanyaga mkono mpaka kucha zikang'oka. Akarudi uwanjani. Miaka ya 1917 na 1918 alitajwa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima, na mwaka 1919 alihitimu akiwa ndiye aliyechaguliwa kuhutubia kwa niaba ya darasa lake. Kisha akaenda Columbia kusomea sheria. Mwaka 1921 alimwoa Eslanda Goode, mwanamke mwenye akili kali, na huyu ndiye aliyemsukuma jukwaani wakati mwenyewe bado anaona uigizaji ni mchezo wa jioni.

Hapa nisimame kidogo, maana bila kujua jukwaa la Marekani lilikuwaje, msomaji hataelewa kijana huyu aliingia wapi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mweusi aliruhusiwa kupanda jukwaani ili achekwe. Aliyetamba kuliko wote alikuwa Bert Williams, mzaliwa wa visiwa vya Bahamas. Yeye na mwenzake George Walker walipeleka Broadway mchezo wa In Dahomey mwaka 1903, na mwaka 1906 wakaleta mwingine ulioitwa Abyssinia, wakiizungumzia nchi ya Menelik, jirani zetu hawa. Lakini Williams, ambaye ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde, alilazimika kujipaka masizi ya kizibo usoni ili awe mweusi wa kuwafurahisha watazamaji. Mweusi anajipaka weusi! Alifanya hivyo miaka na miaka, akatajirika, na akafa mwaka 1922.

Wa pili ni Charles Gilpin, aliyewahi kuwa mpagazi wa treni. Novemba 1920, kikundi kidogo cha mtaa wa Greenwich Village, New York, kilimpa nafasi kuu katika The Emperor Jones, tamthilia ya Eugene O'Neill. Inamhusu mweusi mtoro aliyejifanya mfalme wa kisiwa, kisha raia wanamgeuka na yeye anapotelea msituni usiku kucha akizungumza na hofu zake. Karibu mchezo wote uko mabegani mwa mtu mmoja. Gilpin aliucheza vizuri mno hata mwaka 1921 akatajwa kati ya watu kumi waliolifaa jukwaa la Marekani, ingawa wapo waliotaka asialikwe kwenye karamu ya heshima hiyo. Ugomvi ukaanzia kwenye neno. Tamthilia ile imejaa lile tusi wanalotukaniwa weusi. Gilpin akawa analiruka na kutia maneno mengine. O'Neill akakasirika, na mchezo ulipotaka kurudi jukwaani na kupelekwa London, Gilpin hakuitwa. Pombe ikamchukua. Alifariki mwaka 1930.

Aliyepewa kiti chake ni Robeson.

Nimeliwaza sana jambo hili. Robeson hakumpokonya mtu, lakini alikikalia kiti ambacho mwenzake aliondolewa kwa sababu ya kukataa neno. Na yeye alilisema. Alikuwa na miaka 26, ana shahada ya sheria, na hana kazi. Kazi ya uwakili aliijaribu katika ofisi moja ya New York, lakini karani wa kike wa kizungu alikataa kuandika barua kwa imla ya mtu mweusi, naye akachukua kofia yake akaondoka. Jukwaa ndilo lililobaki.

Mei 1924 alicheza The Emperor Jones, na katika mwezi huohuo akacheza All God's Chillun Got Wings, ya O'Neill pia, inayohusu mweusi aliyemwoa mwanamke wa kizungu. Magazeti yalipojua kwamba mwigizaji wa kizungu, Mary Blair, atambusu Robeson mkono, kukawaka moto. Barua za vitisho zikaja, za Ku Klux Klan zikiwemo. Ofisi ya meya ikanyima kibali cha watoto waliopaswa kucheza onyesho la kwanza. Usiku wa Mei 15, mwelekezi wa mchezo akatoka mbele, akawasomea watazamaji onyesho lile kwenye karatasi, kisha watu wazima wakaendelea. Fujo iliyongojewa haikutokea.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Aprili 1925, yeye na mpiga piano Lawrence Brown walifanya tamasha lote la nyimbo za watumwa, zile alizolelewa nazo kanisani kwa babake, ukumbi ukajaa. London ikamwita mwaka huohuo, ikamwita tena 1928 kwa Show Boat, na mwaka 1930 akacheza Othello pale Savoy, Desdemona akiwa Peggy Ashcroft. Othello, kwa asiyeijua, ni jemadari Mmoor mweusi anayetumikia dola ya Venisi. Wazungu walikuwa wakimcheza kwa kujipaka rangi. Mweusi wa kumcheza Othello katika ukumbi mkubwa wa London hakuwa ameonekana tangu Ira Aldridge.

Sasa ndiyo tunafika kwetu. Mwaka 1934 Robeson alijiandikisha katika taasisi ya lugha za Mashariki ya Chuo Kikuu cha London. Akasoma fonetiki, na akasoma Kiswahili. Mtu mwenye pesa na jina, badala ya kupumzika baina ya maonyesho, yuko darasani anahangaika na ngeli zetu! Alikuwa ameanza kuamini kwamba yeye ni Mwafrika, na kwamba Mwafrika asiyejua lugha hata moja ya Afrika ana deni. London ya wakati huo ilikuwa na vijana wengi wa makoloni, na mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiwasaidia wataalamu wa fonetiki kuchunguza Kikuyu chake. Sifa alikuwa nazo, lakini mfukoni hamna kitu, na deni la pango lilimsubiri mlangoni.

Ndipo Alexander Korda akaja na filamu ya Sanders of the River. Robeson aliambiwa kwamba filamu itaonyesha utamaduni wa Afrika kwa heshima, ngoma na nyimbo za kweli zilizopigwa picha Afrika kwenyewe. Akakubali kucheza Bosambo, chifu. Kijiji cha Kiafrika kikajengwa Shepperton, kando ya mto Thames, na weusi waliokuwa Uingereza wakaajiriwa kukijaza. Kenyatta alikuwamo, akacheza chifu mdogo.

Filamu ilipotoka mwaka 1935, Robeson aliona kilichofanyika. Shujaa ni ofisa wa kikoloni wa Kiingereza. Bosambo ni mtumishi wake mwaminifu, na Waafrika wengine ni watoto wanaohitaji kiboko cha baba. Nyimbo zilikuwepo, ngoma zilikuwepo, lakini zote zimetumika kuupamba ukoloni. Aliona haya, na baadaye akaikana hadharani. Kenyatta hakusikika akilalamika. Inaelezwa hata alishiriki katika zawadi ambayo waigizaji Waafrika walimpa Korda. Simhukumu. Ukiwa na deni la pango, unaliona jambo kwa macho mengine.

Tangu hapo Robeson alianza kuchagua. Miaka ya mwisho wa 1930 alikataa mengi. Kule New York alikuwa kiongozi wa Baraza la Mambo ya Afrika, lililodai uhuru wa makoloni. Oktoba 19, 1943, alipanda jukwaa la Shubert, Broadway, akiwa Othello, mweusi wa kwanza kuicheza nafasi hiyo pale na waigizaji wa kizungu wakimzunguka: Uta Hagen akiwa Desdemona na José Ferrer akiwa Iago. Mchezo ulionyeshwa mara 296, na hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imefika idadi hiyo Broadway. Walipouzungusha miji mingine, alikataa kila ukumbi uliowatenga watazamaji weusi.

Gharama alikuja kuilipa. Mwaka 1950, kwa siasa zake na urafiki wake na Urusi ya wakati ule, serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi zikamfungia milango, na kipato chake kikaporomoka. Katika hali hiyo ndipo Kenyatta alipokamatwa, Oktoba 1952, akapelekwa Kapenguria, na Aprili 1953 akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu. Marekani, wengi walisoma habari za Mau Mau kama habari za mashetani. Robeson, asiyeweza kuvuka hata mpaka, alisimama na kuandika kumtetea yule chifu mdogo wa Shepperton.

Pasipoti alirudishiwa mwaka 1958, na mwaka uliofuata akacheza Othello kwa mara ya mwisho, Stratford-upon-Avon, mji aliozaliwa Shakespeare. Kisha afya ikamwangusha. Desemba 1963, mwezi ambao bendera yetu ilipandishwa, yeye alikuwa anarudishwa nyumbani Marekani, mgonjwa. Alifariki Philadelphia, Januari 23, 1976. Mzee wa Gatundu naye alifariki Agosti 22, 1978, hapa kwetu Mombasa.

Tulishuka Thika kisa hakijaisha, nikakimalizia kwenye benchi la chai. Mpwa wangu akaniuliza kama yule Gilpin aliacha watoto, na ni nani aliyewalipia kodi. Sikuwa na jibu. Kampuni ilimpa hadi Ijumaa, na hadi ninapoandika haya hajanipigia.