Bruce McLaren, aliyeanzia katika garaji ya baba yake

Bruce McLaren alizaliwa mwaka wa 1937 mjini Auckland, New Zealand. Akiwa na miaka 9, ugonjwa wa nyonga ulimlaza karibu miaka miwili, na mguu wa kushoto ukabaki mfupi. Baba yake, mwenye garaji, alinunua Austin 7 iliyochakaa, wakaifufua pamoja. Kwa gari hilo Bruce aliingia mashindanoni akiwa na miaka 14.

Mwaka wa 1968 alishinda Ubelgiji kwa gari lenye jina lake. Hata hivyo, hakuacha kuyajaribu magari yake mwenyewe. Tarehe 2 Juni 1970, huko Goodwood, Uingereza, bodi ya nyuma iling'oka garini likiwa mbioni. Alifariki akiwa na miaka 32. Timu aliyoianzisha ingali inashindana.