Johannes Kepler na dakika nane za Mirihi

Vijana wetu wanaotafuta udaktari huambiwa kwamba mtafiti asibuni vipimo, asivipinde, wala asijitwalie kazi ya mwingine. Ni vema. Lakini kanuni isiyo na mtu ndani yake husahaulika upesi, ndiyo maana tunasimulia maisha ya Johannes Kepler.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 huko Weil der Stadt, Ujerumani, katika jamaa ya Waluteri. Alisoma teolojia Tübingen akitumaini kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 akatumwa Graz kufundisha hesabu. Waprotestanti walipofukuzwa huko, mwaka 1600 akahamia karibu na Praha, kwa Tycho Brahe.

Brahe alikuwa na hazina ambayo hakuna mwingine Ulaya aliyekuwa nayo: vipimo vya sayari vya miaka zaidi ya ishirini, vilivyochukuliwa kwa macho matupu. Alimgawia Kepler kidogo kidogo, kwa mkono mgumu. Alipofariki Oktoba 1601, Kepler aliyashika madaftari kabla warithi hawajayaangalia, na baadaye alikiri jambo hilo mwenyewe katika barua. Warithi waligombana naye miaka mingi, kitabu chake kikakawia kutoka. Vipimo ni vya nani: aliyevipima, jamaa yake, au anayejua kuvisoma? Swali hilo bado linawagombanisha wanafunzi na maprofesa wao.

Sasa Mirihi. Kepler aliichorea sayari hiyo njia ya duara, akirudia hesabu kwa mkono yapata mara 70. Ilikubaliana na Brahe vizuri mahali pengi. Alipoijaribu kwa njia nyingine, ikapishana naye kwa dakika 8. Si dakika za saa: digrii moja ina dakika 60, na mwezi mpevu una upana wa kama 30. Nani angegundua? Ilitosha kusema kwamba marehemu Brahe alikosea kidogo. Lakini Kepler alijua Brahe hakosei kiasi hicho. Akaiacha kazi yote ile, akaanza upya, na baada ya taabu nyingi akaona kwamba njia ya Mirihi si duara bali ni duaradufu. Katika Astronomia Nova ya 1609 alieleza hata njia alizopotea, jambo ambalo tasnifu nyingi za leo hazithubutu kufanya.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Mwaka 1988 mtaalamu aliyekuwa akikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza alionyesha kwamba katika sura ya 53 kuna tarakimu zilizotolewa kana kwamba zilitoka moja kwa moja katika vipimo, kumbe Kepler alizipata kwa kupiga hesabu kutoka katika duaradufu yenyewe. Duaradufu ilikuwa kweli; ushahidi ule haukuwa. Sisi tungependa mwalimu wa maadili asome na wanafunzi wake sura ya 19, yenye dakika 8, na sura ya 53 siku moja, asiifiche yoyote.

Mwaka 1620 mama yake mzee alifungwa kwa kushitakiwa uchawi. Wasomaji wetu wa Kivu wanayajua mashitaka ya namna hiyo. Kepler aliacha kazi yake, akasafiri kwenda kumtetea, akauchambua ushahidi shitaka kwa shitaka, hata mama akaachiliwa mwaka 1621.

Mwaka 1627 alichapisha huko Ulm majedwali ya mwendo wa sayari, na jina la Brahe likawekwa wazi katika ukurasa wa kwanza. Alifariki Regensburg tarehe 15 Novemba 1630, na vita vikafuta kaburi lake. Alikuwa ametangaza kwamba Novemba 1631 sayari ya Utaridi itapita mbele ya jua. Tarehe 7 ya mwezi huo, huko Paris, Pierre Gassendi aliiona ikipita.