David Livingstone na Swali la Ruzizi

Ukimwuliza mtoto wa Uvira mto Ruzizi unakwenda wapi, atacheka. Kila mvuvi wa Kavimvira anajua kwamba Ruzizi unatoka kaskazini, unapita katika uwanda, na kumwaga maji yake katika ziwa Tanganyika.

Lakini zamani watu waliokaa mbali na ziwa hili walibishana miaka mingi juu ya jambo hilo. Wengine walisema Ruzizi unaingia ziwani. Wengine walisema unatoka ziwani na kwenda kaskazini hata kuungana na mto Nili. Vitabu viliandikwa na maneno mengi yakasemwa, wala ubishi haukwisha. Ulikwisha siku watu wawili walipopanda mtumbwi wakaenda kutazama. Mmoja wao alikuwa David Livingstone. Someni habari za maisha yake, mjue jinsi mtoto maskini alivyojifunza kuuliza, kupima na kutazama.

1. Masomo ya usiku

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Uskoti. Wazazi wake, Neil na Agnes, walikuwa maskini. Jamaa yote ilikaa katika chumba kimoja, ndani ya nyumba kubwa ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba.

Alipokuwa na umri wa miaka 10, David alitumwa kufanya kazi kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika katika mashine. Alianza saa 12 asubuhi, akamaliza saa 2 usiku. Mtoto aliyefanya kazi namna hiyo angeweza kula na kulala tu, wala hakuna ambaye angemlaumu. David hakulala. Kiwanda kilikuwa na mwalimu wa usiku, naye akaenda kwake toka saa 2 mpaka saa 4. Watoto wengi walioanza masomo hayo waliyaacha kwa sababu ya uchovu. Yeye aliendelea.

Tena masomo hayakuishia kwa mwalimu. Akirudi nyumbani alifungua vitabu vyake akasoma mpaka saa 6 za usiku, hata mama yake alipoondoka kitandani na kumnyang'anya kitabu ili alale. Mshahara wake wa kwanza alimpa mama yake. Kwa sehemu yake ndogo alinunua kitabu cha Kilatini. Mchana alikiweka kitabu juu ya mashine, na kila alipopita mbele yake alisoma sentensi moja. Hivyo alijizoeza kufikiri katikati ya makelele. Baadaye, alipoandika na kupiga hesabu mahali penye ngoma na kelele za kambi, hakusumbuka.

2. Swali la magamba

Siku za mapumziko David na ndugu zake walizunguka mashambani na kwenye vilima. Walikusanya majani, mawe na magamba ya konokono, wakavitazama nyumbani. Siku moja walifika mahali watu walipochimba mawe ya chokaa. David akaona magamba ndani ya mawe. Akashangaa. Magamba ni nyumba za wanyama wa majini. Yameingiaje katika mwamba? Akamwuliza mchimba mawe. Mtu yule akamjibu kwamba Mungu alipoumba mawe aliyaumba pamoja na magamba ndani yake.

David aliona kwamba jibu la namna hiyo linafunga mlango. Kweli, Mungu ndiye Muumba wa vyote. Lakini Mungu huyo ametupa macho na akili ili tuzichunguze kazi zake. Mtu akiridhika na jibu la kwanza analoambiwa, hatazami tena. David hakuridhika. Huo ndio mwanzo wa uchunguzi: kuona kitu, kukishangaa, kuuliza, halafu kwenda kutafuta.

3. Kupima kwa jua

Mwaka 1836 David alikuwa amekusanya fedha kidogo kwa kazi yake. Baba yake akamsindikiza kwa miguu mpaka mji wa Glasgow, akaanza kusomea udaktari. Wakati wa kiangazi alirudi kiwandani kutafuta ada. Alifaulu mwaka 1840, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kama mmisionari wa Kiprotestanti.

Livingstone alitembea nchi nyingi ambazo hazikuwa na ramani. Mtu akitembea katika nchi ya namna hiyo atajuaje mahali alipo? Atapima jua na nyota. Mwaka 1852, huko Cape Town, Livingstone alijizoeza kazi hiyo kwa Thomas Maclear, mkubwa wa nyumba ya kutazamia nyota. Alikuwa mtu mzima wa miaka 39, naye alikaa tena kama mwanafunzi.

Kazi yenyewe ni ya hesabu, wala si ngumu kuifahamu. Siku kama 21 Machi jua linakuwa juu ya ikweta. Tuseme siku hiyo, saa ya adhuhuri, unapima jua kule Uvira kwa chombo chake. Utaona limepanda digrii 86 na nusu, au zaidi kidogo. Jua lililo sawasawa juu ya kichwa limepanda digrii 90. Basi toa 86 na nusu katika 90: zinabaki digrii 3 na nusu. Ndiyo kusema, Uvira iko karibu digrii 3 na nusu kusini ya ikweta. Kwa kutoa namba moja katika nyingine, msafiri anajua mahali pake duniani.

Kwa hesabu hizo Livingstone alivuka Afrika toka Luanda, upande wa magharibi, hata Quelimane, upande wa mashariki, akafika huko mwaka 1856. Njiani, mwezi wa Novemba 1855, aliona maporomoko makubwa ya mto Zambezi.

4. Mto usioonwa

Mwaka 1866 Livingstone aliondoka Unguja kutafuta chanzo cha mto Nili. Safari hiyo ilikuwa ya taabu nyingi. Mwezi wa Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibwa. Mwezi huohuo saa zake za kupimia ziligongwa njiani, na tangu hapo vipimo vyake vya mashariki na magharibi vilikuwa na kosa. Mwaka 1869 alivuka Tanganyika akaingia nchi ya Manyema, na mwaka 1871 akafika Nyangwe, juu ya mto mkubwa Lualaba.

Livingstone alifikiri Lualaba ni Nili. Alitaka mtumbwi ili aufuate mto mpaka mwisho wake. Alingoja miezi, hakupata. Karatasi zilikwisha, akaandika habari zake juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya miti. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara ya watumwa wakipiga bunduki katika soko la Nyangwe. Watu wengi waliuawa, wengi wao wanawake. Wengine walizama mtoni. Aliyaandika yote. Habari hizo zilipofika Ulaya zilichoma mioyo ya watu, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Livingstone alirudi Ujiji mgonjwa na bila mali. Huko, mwaka huo wa 1871, alikutwa na Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti, aliyemletea chakula, dawa na barua.

5. Kwenye mlango wa Ruzizi

Livingstone alipopata nguvu kidogo, wawili hao walishauriana juu ya swali la Ruzizi. Wazungu wawili wengine, Burton na Speke, walikuwa wamefika Uvira mwezi wa Aprili 1858. Hapo wana wa mtawala Maruta waliwaambia kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Lakini wapiga makasia wao waliogopa kuendelea mbele, nao wakarudi bila kuuona mto. Walileta maneno tu, na maneno hubishiwa. Ndiyo sababu ubishi ulidumu miaka 13. Livingstone mwenyewe alidhani huenda maji ya Tanganyika yanakwenda Nili.

Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi, pamoja na wapiga makasia. Wakafuata pwani ya mashariki mpaka kichwa cha ziwa. Hapo mtawala Ruhinga aliwapokea vizuri. Aliwatajia mito inayoingia Ruzizi, mmoja mmoja, na habari za ziwa Kivu lililo juu. Habari zake zilikuwa za mtu anayejua nchi yake.

Hata hivyo walitaka kutazama. Wakapiga makasia kati ya matete, wakaingia katika mlango wa mto. Maji yalikuwa ya matope, tena yenye nguvu, nayo yaliusukuma mtumbwi kurudi ziwani. Wapiga makasia walikaza mikono ili kupanda kidogo. Hapo hapakuwa na neno la kubishia tena: Ruzizi unaingia ziwani. Watoto wa Maruta na Ruhinga walikuwa wamesema kweli.

Livingstone alikubali. Lile alilolidhani alilitupa, akaandika alichokiona.

Leo tunaweza kulihakikisha jambo hilo hata kwa hesabu. Maji ya Kivu yako karibu mita 1.460 juu ya bahari. Maji ya Tanganyika yako karibu mita 773. Toa 773 katika 1.460: zinabaki mita 687. Maji hayapandi mlima. Basi Ruzizi, unaotoka Kivu, lazima ushuke kuja kwetu.

6. Mwisho wa safari

Stanley alimsihi Livingstone warudi wote Ulaya. Livingstone alikataa, maana hakujua bado Lualaba unakwenda wapi. Waliagana karibu na Tabora tarehe 14 Machi 1872. Livingstone akaelekea tena kusini, kwenye maji na matope ya Bangweulu. Moyoni aliogopa kwamba huenda mto wake si Nili bali ni Kongo, lakini tumaini lilimshinda. Alikufa huko, katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia, tarehe 1 Mei 1873. Inasemekana walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Watumishi wake waaminifu, Susi na Chuma, pamoja na wenzao, waliukausha mwili wake wakauchukua kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo. Walichukua pia vitabu vya vipimo vyake. Mwezi wa Februari 1874 mwili ulipokewa katika misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, halafu ukapelekwa London kuzikwa kwa heshima.

Mwaka 1874 msafiri Cameron aliona kwamba maji ya Tanganyika yanatoka kwa mto Lukuga, mahali palipo mji wa Kalemie, yakielekea Lualaba. Mwaka 1877 Stanley alifuata Lualaba mpaka Boma, karibu na bahari. Mto ule ulikuwa Kongo. Livingstone alikuwa amekosa.

Tazameni basi mito hii miwili. Kwenye Ruzizi Livingstone alipata mtumbwi, akaona, akaijua kweli. Kwenye Lualaba alinyimwa mtumbwi, akabaki na tumaini, na tumaini lilimpoteza. Alikuwa mtu yuleyule, mwenye akili ileile. Akili peke yake haitoshi. Lazima mtu afike na kuona.

Wala msifikiri maswali ya namna hiyo yamekwisha. Mito mingi inaingia Tanganyika, lakini mlango wa kutokea ni Lukuga peke yake. Mvua zikizidi, ziwa linapanda. Mwaka 2024 watu wa pwani ya Uvira waliona maji yakiingia majumbani mwao. Yapanda kiasi gani? Yashuka lini? Mtoto mwenye fimbo, kisu cha kuitia alama na daftari anaweza kuanza kujibu. Livingstone naye alianza na kitabu kimoja, usiku, katika chumba kimoja.

Maswali na kazi ya nyumbani

1. David alifanya kazi kiwandani saa ngapi kwa siku? Ukiongeza saa za mwalimu wa usiku, zinakuwa ngapi?

2. Kwa nini jibu la mchimba mawe halikumtosha David?

3. Burton na Speke walipungukiwa na nini, ambacho Livingstone na Stanley walikipata?

4. Pamoja na mzazi au mkubwa wako, nenda kwenye kijito. Pima mita 10 kando yake. Tupa jani majini, uhesabu polepole mpaka lifike mwisho wa kipimo. Fanya hivyo mara 3 na uandike namba zote. Je, zinalingana? Kama hazilingani, ni kwa sababu gani?

5. Simamisha fimbo wima penye jua. Pima kivuli chake asubuhi, adhuhuri na jioni. Kipi ni kifupi kuliko vyote?

6. Waulize wazee watatu maji ya ziwa yalifika wapi zamani. Andika majibu yao. Kama hawakubaliani, utafanya nini ili kujua kweli?