AHMAD BIN MAJID: SIMBA WA BAHARI ALIYEZISOMA PEPO

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), aliyezifanya pepo kuwa miongoni mwa ishara Zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, enyi wanafunzi wetu wapenzi na wazazi watukufu, mwaka huu tumewachagulia maisha ya mwanachuoni wa bahari ambaye jina lake limebebeshwa lawama isiyothibiti.

Shihabuddin Ahmad bin Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa majahazi. Waarabu walimwita mtu wa kazi hiyo muallim, neno lile lile mnalotuitia sisi hapa madrasa. Naye akawa muallim kama wazee wake, hadi akapewa jina la Simba wa Bahari.

Mwaka 895 Hijria (1490) alitoa Kitab al-Fawaid, kitabu mashuhuri cha elimu ya bahari. Humo aliwaheshimu waandishi watatu waliomtangulia, akajihesabu yeye kuwa wa nne. Lakini hakuficha kasoro yao: walikusanya maneno bila ya kuyajaribu baharini.

Yeye alitaka muallim ajue mambo ya upepo kwa uhakika. Kwanza, unatoka wapi. Upepo huitwa kwa upande unakotoka: kaskazi hutoka kaskazini, kusi hutoka kusini. Pande hizo aliziweka 32, kwa kufuata mahali zinapochomoza na kutua nyota. Pili, una nguvu kiasi gani. Kusi inapokuwa kali, kati ya Juni na Agosti, bandari za magharibi ya India zilifungwa, kwani mawimbi yalivunja vyombo. Tatu, unaanza lini na unakwisha lini. Kwa kuwa miezi yetu ya Hijria hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa jua, mabaharia walihesabu siku za pepo kwa Nairuzi, hesabu ambayo wazee wetu wa pwani nao waliijua.

Sasa tuitazame ile lawama. Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiongozwa na muallim mmoja, akafika India kwa siku zipatazo 26, kwa kuwa kusi ilikuwa inaanza. Miongo mingi baadaye, Qutbuddin al-Nahrawali wa Makka aliandika kwamba muallim huyo ni Ibn Majid, tena akiwa amelewa. Lakini waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja mtu wa Gujarat, na wachunguzi wengi wa leo wanaikataa habari ya al-Nahrawali.

Na wakati wa kurudi Wareno hawakuungoja upepo. Waliondoka mapema Oktoba, kabla kaskazi haijaingia. Safari ya wiki chache ikawa ya miezi mitatu hivi, na mabaharia wengi wakafa kwa maradhi kabla ya kuiona nchi kavu Januari 1499.

Ndugu zetu, hapa tunapata mafunzo mawili. Sura ya Al-Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu. Tazameni jinsi neno moja lilivyomchafua Muislamu kwa karne nyingi. Pili, leo utabiri wa upepo husomwa redioni. Ukitajwa upande, kasi, na upepo wa ghafla unaozidi kasi hiyo, msidharau wala msiseme mmezoea bahari. Chombo kinachohimili upepo wa kawaida huweza kupinduliwa na ule wa ghafla mmoja. Kumtegemea Allah huenda pamoja na kuchukua tahadhari.

Ibn Majid alikuwa hai bado mwaka 1500. Allah amrehemu, na awarudishe salama baba zetu na kaka zetu walioko baharini. Amin.

Wabillahi Tawfiq.