Virginia Apgar, munganga aliyetaka kila mtoto aangaliwe katika dakika yake ya kwanza

Mama akijifungua katika materinite ya Goma, Bukavu ao Bunia, kwenye fishi yake kunaandikwa Apgar ya mtoto: ya dakika ya kwanza, kisha ya tano. Wengi waliosoma uuguzi wanalijua neno hilo kama herufi tano zilizokusanywa, kila moja na maana yake kwa Kifaransa. Kumbe ni jina la mtu. Herufi zilipewa maana kiisha miaka kama kumi, ili wanafunzi wasisahau.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 huko Westfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Nyumbani kwao ugonjwa haukuwa mgeni: kaka yake mmoja alikufa kwa kifua kikuu. Mwaka 1933 alimaliza masomo ya uganga katika chuo kikuu cha Columbia, New York, akiwa wa nne darasani. Alitaka kuwa mpasuaji, lakini mkubwa wake, Allen Whipple, alimshauri aache, kwa kuwa aliona wanawake wapasuaji hawapati kazi ya kuwalisha. Akaenda upande wa kulaza wagonjwa usingizi, kazi iliyofanywa zaidi na wauguzi na ambayo wapasuaji hawakuiheshimu sana. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika kitivo hicho cha uganga. Hata hivyo, idara mpya ya usingizi ilipoundwa, uongozi ulipewa mwanaume.

Akaelekeza nguvu zake kwenye chumba cha uzazi. Huko aliona jambo lililomsumbua. Mtoto akitoka, macho yote yalibaki kwa mama. Mchanga aliyezaliwa mdogo sana, wa bluu, asiyelia, mara nyingi aliwekwa pembeni kama mtu aliyekwisha kufa, bila yeyote kumwangalia kwa utaratibu.

Inasimuliwa kwamba siku moja wakiwa mezani mwanafunzi alimuuliza jinsi ya kupima hali ya mtoto mchanga, naye akachukua karatasi iliyokuwa karibu na kuandika alama tano: mapigo ya moyo, kupumua, jinsi mtoto anavyoitika akiguswa, nguvu ya misuli, na rangi ya ngozi. Kila moja inapewa 0, 1 ao 2. Jumla ni 10. Aliwasilisha kipimo hicho mwaka 1952, kikachapishwa mwaka 1953. Hakikuhitaji mashine wala umeme, jambo ambalo materinite zetu nyingi zinalielewa vizuri. Alitaka pia anayepima asiwe yule aliyezalisha, maana mzalishaji huwa na haraka ya kujipa alama nzuri.

Alama ya rangi ndiyo yenye shida kwetu. Iliwekwa kwa kutazama ngozi nyeupe inayogeuka waridi. Kwa mtoto mweusi inabidi kutazama midomo, ulimi, viganja na nyayo. Na asiyepumua hangojewi mpaka dakika ya kwanza itimie ndipo apewe namba: anafutwa, anapashwa joto, anasaidiwa hewa palepale.

Namba hizo zilimgeukia hata yeye mwenyewe. Pamoja na wenzake aligundua kwamba dawa ya usingizi iitwayo siklopropeni, aliyokuwa akiipenda, ilifanya watoto wazaliwe wamelegea na kupata alama za chini. Akaiacha.

Mwaka 1959 alipata shahada ya afya ya jamii huko Johns Hopkins, kisha akaingia katika shirika la March of Dimes, akizunguka kuzungumza juu ya watoto wanaozaliwa na kilema, na kuhimiza chanjo ya rubela. Hakuolewa. Alipiga viola, na akajifunza kutengeneza ala za muziki kwa mikono yake. Mara moja, pamoja na rafiki yake, alichukua kwa siri ubao mzuri kutoka kibanda cha simu cha hospitali, akautumia kutengeneza viola.

Alikufa tarehe 7 Agosti 1974, katika hospitali ileile ya New York alikofanya kazi miaka mingi, kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa na miaka 65. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitoa stempu ya senti 20 yenye picha yake.