Vic Edelbrock: mtoto aliyeacha shule, akawa fundi wa kupumulisha injini

Kwa zaidi ya miaka 80, jina Edelbrock limekuwa likisomwa juu ya vyuma vya injini za magari ya Marekani, hasa yale ya mashindano. Wengi wanalijua kama jina la kiwanda. Kabla ya kuwa kiwanda, lilikuwa jina la mtoto wa muuza duka katika jimbo la Kansas, ambaye moto ulimtoa shuleni akiwa bado mdogo.

Vic Edelbrock alizaliwa mwaka wa 1913 katika sehemu ya wakulima. Wazazi wake waliishi kwa duka la vyakula. Mwaka wa 1927 duka hilo liliteketea kwa moto, na pamoja nalo chakula cha familia. Vic alikuwa na miaka 14. Aliacha masomo ili aingize pesa nyumbani.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kupeleka magari ya Ford Model T kutoka mji wa Wichita hadi kwa wakulima waliokuwa wameyanunua. Barabara zilikuwa za udongo, zenye mashimo na mifereji. Magari yalitikisika mpaka vyuma vikalegea, mengine yakazimika katikati ya njia. Hakukuwa na mtu wa kuita. Kijana alipaswa kushuka, kufungua, kutafuta ubaya uko wapi, kurekebisha na kuendelea na safari. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya ufundi. Baadaye aliingia kufanya kazi katika garaje.

Safari ya kwenda California

Mwishoni mwa miaka ya 1920, uchumi wa Marekani ulianguka. Viwanda vilifunga milango, wakulima wa Kansas wakakosa soko, na vijana wengi wakaelekea magharibi kutafuta maisha. Vic naye aliondoka mwaka wa 1931, akiwa na miaka 18, akaenda California alikokuwa akiishi ndugu yake Carl.

Huko alikutana na Katie Collins, wakaoana mwaka wa 1933. Mwaka huohuo alifungua garaje pamoja na shemeji yake katika Beverly Hills, na mwaka uliofuata akawa na garaje yake mwenyewe mjini Los Angeles. Mtoto wao wa kiume, Vic Junior, alizaliwa mwaka wa 1936. Kwa wakati huo, Vic alikuwa fundi kama mafundi wengine: alitengeneza magari ya watu ili alishe nyumba yake.

Kilichobadilisha maisha yake ni gari moja. Mwaka wa 1938 alijinunulia Ford ya mwaka wa 1932, ya wazi, isiyo na paa la chuma. Modeli hiyo ilikuwa imeshangaza Wamarekani, kwa sababu Henry Ford alikuwa ameweka injini ya silinda 8 katika gari la bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kulipa. Ilipotoka kiwandani, injini hiyo ya lita 3,6 ilikuwa na nguvu za farasi 65. Vic aliamini kwamba ndani yake kulikuwa na nguvu zaidi, ila zilikuwa zimefungiwa.

Tatizo lilikuwa hewa

Injini haichomi petroli peke yake. Inachoma mchanganyiko wa petroli na hewa, na hewa ndiyo inayohitajika kwa wingi zaidi. Kila silinda huvuta mchanganyiko huo kupitia mabomba yanayoitwa manifoldi, ambayo yanaunganisha kabureta na injini. Mabomba yakiwa membamba ao yenye kona kali, silinda inavuta kwa shida. Ni kama mtu anayekimbia huku akipumua kupitia mrija: ana mapafu mazima na miguu yenye nguvu, lakini hafiki mbali.

Injini ya Ford ilikuwa na kabureta moja kwa silinda zote 8. Vic alishirikiana kwanza na fundi mwingine, Tommy Thickstun, katika kutengeneza manifoldi mpya. Hakuridhika na matokeo. Basi akachora yake, yenye nafasi ya kabureta mbili za Stromberg. Aligawa njia za hewa ili silinda zinazofuatana katika kuwaka zisivute kutoka upande mmoja kwa wakati mmoja, na hivyo zisinyang'anyane pumzi. Aliita kifaa hicho Slingshot, yaani manati.

Hakuwa na mashine za maabara za kuthibitisha hesabu yake. Maabara yake ilikuwa maziwa makavu ya jangwa la California, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama saruji. Katika juma alienda kazini kwa gari hilohilo. Siku za mwisho wa juma aliondoa vilinda matope na kioo cha mbele ili gari liwe jepesi, kisha akaenda kushindana na saa. Novemba 1941, juu ya ziwa kavu la Rosamond, Ford yake ilifikia mwendo wa karibu kilometa 195 kwa saa. Gari la mtu wa kawaida, lililotengenezwa na fundi asiyemaliza shule, lilikuwa likikimbia kama magari ya matajiri.

Wenzake waliona, nao wakataka kifaa kile. Vic alitengeneza na kuuza kama 100. Vita ikakatiza biashara hiyo. Kuanzia Desemba 1941 Marekani iliingia katika Vita vya Pili vya Dunia, na mashindano yakasimama. Vic alichomelea vyuma katika kiwanda cha meli cha Long Beach, kisha akachonga vipande vya ndege. Kazi hiyo ilimpa kitu ambacho garaje haikuwa imempa: kupima chuma kwa usahihi mkubwa sana, kwa sababu ndege haisamehe kosa dogo.

Kuuza kile kilichopimwa

Vita ilipokwisha, vijana walirudi nyumbani wakiwa na pesa kidogo mfukoni na hamu ya magari ya kasi. Mwaka wa 1946 Vic alitoa orodha yake ya kwanza ya vifaa vya kuuza: manifoldi, vichwa vya silinda na vinginevyo. Soko lilikuwa limejaa watu wenye maneno matamu. Kila mtu aliahidi nguvu za farasi bila kuzionyesha.

Vic alichagua njia ya gharama zaidi. Alinunua mashine ya kupima nguvu za injini, dainamometa, wakati garaje nyingi za aina yake hazikuwa nayo. Injini inafungwa, inazungushwa kwa mzigo, namba zinaandikwa. Kisha kifaa kipya kinawekwa na kipimo kinarudiwa. Namba zisipopanda, kifaa kinarudi mezani.

Mwaka wa 1950 ulimpa ushindi unaosimuliwa mpaka leo. Katika mashindano ya magari madogo kwenye uwanja wa Gilmore mjini Los Angeles, injini za Offenhauser, zilizotengenezwa maalumu kwa mashindano, zilikuwa zikitawala. Vic alileta gari lenye injini ndogo ya Ford, iliyotoka katika magari ya kawaida, na dereva wake Rodger Ward akazishinda. Usiku uliofuata wakashinda tena, mjini San Bernardino. Siri ilikuwa ndani ya tangi: mafuta yaitwayo nitromethani, ambayo yana oksijeni ndani yake yenyewe. Vic na watu wake walikuwa wameyajaribu kwa muda mrefu kwenye mashine ya kupimia, na kwa gharama ya injini zilizoharibika. Swali lilikuwa lilelile la mwaka wa 1938: jinsi ya kuipa injini pumzi zaidi. Ward baadaye alishinda mara mbili mashindano makubwa ya Indianapolis, mwaka wa 1959 na wa 1962.

Mwaka wa 1955, Chevrolet ilileta injini mpya ya V8, nyepesi, yenye vali juu ya silinda. Vic alikuwa amejenga jina lake juu ya injini ya Ford, lakini aliona kwamba wakati wa ile ya zamani unakwisha. Alianza kutengeneza manifoldi za Chevrolet. Waliobaki na mapenzi ya zamani, wengi wao walifunga milango.

Kifo cha mapema, na fundisho linalobaki

Saratani ilimkatiza njia. Vic Edelbrock alifariki Novemba 1962, akiwa na miaka 49. Mwanawe Vic Junior, mwenye miaka 26, alirithi karakana yenye wafanyakazi wachache, akaifanya kuwa kampuni kubwa, na kuiongoza kwa miaka mingi. Yeye naye alifariki mwaka wa 2017.

Leo kati ya vifaa vinavyouzwa kwa jina hilo kuna spesa, kipande kinachowekwa katikati ya kabureta na manifoldi. Kinaongeza nafasi ya hewa kabla haijagawanyika, na kikiwa cha plastiki ngumu ao cha mbao kinazuia joto la injini lisipande mpaka kwenye kabureta. Kukifunga si kazi kubwa: kabureta inatolewa, sehemu zinasafishwa, gasketi mpya zinawekwa juu na chini, bulonzi ndefu zaidi zinakazwa kidogo kidogo kwa kupishanisha pembe. Kisha fundi anahakikisha kwamba waya wa eksilereta unasogea vizuri, kwamba kifuniko cha injini kinafunga bila kugusa kabureta iliyopanda juu, na kwamba hakuna hewa inayopenya pembeni. Hewa hiyo ya wizi inaweza kuharibu zaidi ya kile spesa inachoongeza.

Je, nguvu zinaongezeka? Inategemea injini. Kwa injini ya kabureta inayozunguka kwa kasi sana, mara nyingi faida inapatikana juu, huku mwendo wa chini ukipoteza kidogo. Kwa gari la kisasa lenye injeksheni, ambamo petroli inanyunyizwa karibu na vali, faida kwa kawaida ni ndogo sana, na mara nyingine haionekani kabisa. Muuzaji anayeahidi farasi 20 kwa kipande cha chuma aulizwe namba zake alizipima wapi na kwa injini gani.

Hilo ndilo swali ambalo Vic Edelbrock alijiuliza mwenyewe kabla ya kumuuzia mtu. Hakuwa na diploma ya ukutani. Alikuwa na saa ya jangwani, baadaye mashine ya kupimia, na tabia ya kurudisha mezani kifaa kilichoshindwa.