Philippe de Rothschild: mtu aliyepigania jina la shamba lake zaidi ya miaka 50

Mkulima wa kahawa wa Kalehe ao wa Idjwi anajua jambo moja pasipo kufundishwa na agronomo: kahawa ya kilima cha juu na ile ya chini haziko sawa, na mwaka mvua ilipokuja vibaya, hata kikombe kinasema. Kule Ufaransa, watu wanaolima mizabibu wanafuata akili ile ile. Leo tunawaletea maisha ya mmoja wao, Baron Philippe de Rothschild, ambaye divai yake nyekundu iko kati ya zile za bei kali kabisa duniani.

Alizaliwa Paris tarehe 13 Aprili 1902, katika jamaa kubwa ya Wayahudi wenye mabenki. Baba ya babu yake, Nathaniel, alinunua shamba la Mouton mwaka wa 1853. Shamba hilo liko Pauillac, upande wa kaskazini wa mji wa Bordeaux, karibu na maji mapana ya Gironde. Lakini jamaa walikaa Paris, na shamba waliachia wasimamizi.

Ile ardhi ya Pauillac, ukiiona, unaweza kusema haifai kitu. Ni mawe madogo-madogo, changarawe tupu, mahindi yangekufa njaa pale. Kumbe mzabibu unapenda vile. Maji ya mvua yanapita haraka, hayasimami, na mizizi inalazimika kushuka chini sana kutafuta kinywaji. Mchana mawe yanashika joto la jua, usiku yanarudisha lile joto kwa mmea. Hiyo inasaidia sana aina ya zabibu inayoitwa cabernet sauvignon, juu hiyo inachelewa kuiva. Tena maji ya Gironde yanapunguza ukali wa baridi.

Mwaka wa 1855, wafanyabiashara wa Bordeaux walipanga mashamba kwa madaraja, wakifuata bei ya divai. Manne yalipewa daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton iliwekwa daraja la pili. Na Lafite, iliyo jirani kabisa, ilikuja kununuliwa na ndugu za jamaa ile ile ya Rothschild. Jambo hilo lilimchoma Philippe moyoni maisha yake yote.

Alishika shamba mwaka wa 1922, kijana wa miaka 20 tu. Wakati ule, divai ilitoka shambani ndani ya mapipa, ikapelekwa kwa wafanyabiashara wa mjini. Wao ndio waliichunga na kuitia katika chupa. Nani angejua kama hawakuichanganya na nyingine? Philippe alikataa. Kuanzia mavuno ya 1924, divai yote ya Mouton ilitiwa chupa pale pale shambani, na akashawishi mashamba makubwa mengine kufanya vile vile. Kiisha, mwaka wa 1926, alijenga depo ya mapipa yenye urefu wa metre 100. Sasa mnunuzi alikuwa na hakika: kilichomo ndani ya chupa kimetoka katika udongo huu, mwaka huu.

Lakini ukiandika mwaka juu ya chupa, mwaka mubaya nao utaonekana. Mavuno ya 1930, 1931 na 1932 yalikuwa mabaya. Mvua ikizidi karibu na mavuno, zabibu zinajaa maji, zinaoza, hazina nguvu. Rangi na ukali wa divai nyekundu vinatoka katika ganda la zabibu, basi ganda lisipoiva vizuri, hakuna dawa. Philippe hakutaka kuuza divai dhaifu kwa jina la Mouton. Aliiuza kwa bei ndogo, kwa jina lingine, Mouton Cadet, maana yeye mwenyewe alikuwa kitinda mimba. Hasara ilikuja kugeuka faida: Mouton Cadet ikajulikana dunia nzima.

Kisha vita ikaingia. Serikali ya Vichy ilimkamata na kumnyang'anya uraia. Alitoroka, akafika Uingereza, akajiunga na jeshi la de Gaulle. Wajerumani walikalia shamba lake. Mke wake Élisabeth alikamatwa na kupelekwa kambi ya Ravensbrück, akafia kule mwaka wa 1945. Philippe alibaki na binti yao, Philippine.

Mwaka ule ule, mwezi wa Mei, baridi kali iliunguza machipukizi ya mizabibu. Zabibu zilizobaki zilikuwa kidogo sana. Lakini jua la kiangazi liliwaka, mvua ikakosa, na zile chache zikaiva namna watu hawakuwa wameona siku nyingi. Divai ya Mouton ya 1945 inahesabiwa kati ya zile kubwa za karne nzima. Juu ya etiketi Philippe aliweka herufi V, alama ya ushindi. Tangu hapo, karibu kila mwaka mchoraji mwingine alipewa kazi ya kupamba etiketi.

Aliendelea kugonga milango ya wakubwa hadi mwaka wa 1973, wakati waziri wa kilimo, Jacques Chirac, alitia sahihi ya kupandisha Mouton daraja la kwanza. Etiketi ya mwaka ule ina mchoro wa Picasso. Lakini mvua haikusoma ile karatasi ya waziri: divai ya 1973 yenyewe ilitoka nyepesi.

Uzeeni alishirikiana na Robert Mondavi wa California. Mavuno yao ya kwanza ni ya 1979. Hakuiita Mouton, udongo mwingine na jua lingine vilipewa jina lao, Opus One.

Philippe alifariki Paris mwezi wa Januari 1988, akiwa na miaka 85, na Philippine akashika kazi. Daraja alilipata kwa kupigana. Jina zuri alilipata zaidi kwa ile miaka mibaya ambayo alikubali kuuza bei ya chini, kuliko kudanganya mnunuzi. Wakulima wetu wa kahawa, wanaotafuta jina la vilima vyao kwenye soko la dunia, wanaweza kuanzia hapo.